Mbayuwayu wa Zambarau na Siku ya Tatu

Methali ya Waswahili yasema kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Maana yake ni kwamba ukarimu una mpaka, na mtu aliyekula chakula cha wenyeji wake kwa siku mbili imempasa kushika kazi pamoja nao. Katika Amerika ya Kaskazini yuko mgeni mmoja ambaye kwake methali hiyo hupinduka. Siku mbili za dhiki huzistahimili peke yake, wala hamwombi mtu kitu. Siku ya tatu, asipopata chakula, huanza kufa. Mgeni huyo ni ndege wa jamii ya mbayuwayu, na historia ya watu waliompa nyumba, wakamzoea, kisha wakajifunza kumlisha wakati wa baridi, yastahili kusimuliwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa mbayuwayu ni nani. Kila mwaka, majira ya baridi yanapoikaribia Ulaya, mbayuwayu wa huko huvuka jangwa na bahari wakaja kujipanga juu ya nyaya za simu na za umeme katika miji na mashamba ya Afrika. Ndugu yao wa Amerika, ambaye wataalamu humwita Progne subis, aweza kuitwa kwa Kiswahili mbayuwayu wa zambarau, kwa kuwa dume aliyekomaa ana mwili mweusi wenye mng'ao wa zambarau na buluu, ilhali jike ana kifua cha kijivu. Ndiye mkubwa kuliko mbayuwayu wote wa Amerika ya Kaskazini: urefu wake ni kiasi cha sentimita 20, na uzito wake kiasi cha gramu 50.

Chakula chake ni wadudu warukao: kereng'ende, nondo, mende, nzi na kumbikumbi. Huwakamata angani na huwala angani. Hata maji huyanywa akiruka, kwa kupitisha mdomo juu ya uso wa ziwa au mto. Katika jambo hilo umo uzuri wa maisha yake, na msiba wake umo humo humo. Hewa ndiyo shamba lake, na shamba hilo likifungwa yeye hana ghala. Joto likishuka chini ya digrii 10 za sentigredi, au mvua ikinyesha mchana kutwa, wadudu hawaruki. Hapo mbayuwayu hurudi nyumbani, wakajazana wengi katika chumba kimoja ili wapeane joto, wakaishi kwa mafuta yaliyomo miilini mwao. Mwenye afya aweza kukaa hivyo siku mbili, pengine tatu. Baada ya hapo mbawa hulegea, na ndege huokotwa chini ya mlingoti wa nyumba yake.

Swali la kwanza ambalo mtu huuliza ni hili: mbona basi ndege huyu huja kabla baridi haijaisha? Jibu limo katika safari yake. Wakati wa baridi ya kaskazini yeye huwa Amerika ya Kusini, hasa Brazil, katika nchi za mto Amazon na katika jimbo la São Paulo. Mwanzo wa mwaka huanza kurudi. Wa kwanza huonekana Florida na pwani ya Ghuba ya Meksiko mwezi wa Januari na Februari. Wa majimbo ya kati hufika Machi. Wa kaskazini na wa Kanada hufika Aprili na Mei. Watangulizi aghalabu ni wale waliokwisha kuwa wazee wa njia, nao hukimbilia makao yale yale waliyokaa mwaka uliopita. Anayefika mbele huchagua chumba chema na mwenzi mwema. Anayekawia hupata masalio. Kwa hiyo kila msimu wa kuchipua ndege hawa hucheza bahati nasibu: wakiwahi na hali ya hewa ikawa njema, hupata faida, wakiwahi na baridi ikarejea, hulipa kwa roho zao.

Mbio zao katika safari hiyo zilijulikana kwa hakika juzijuzi tu. Mwaka 2007 mtaalamu Bridget Stutchbury na wenzake waliwafunga mbayuwayu wa Pennsylvania vyombo vidogo vya kupimia mwangaza, ambavyo huonyesha mahali ndege alipopita kwa kulinganisha saa za kucha na za kuchwa. Habari zao zilitolewa mwaka 2009. Jike mmoja alichukua siku 43 kwenda Brazil, lakini kurudi kwake kulichukua siku 13 tu, mwendo wa kiasi cha kilomita 577 kwa siku. Ndege wa gramu 50 aliyekwenda mwendo huo hufika akiwa amechoka, naye haji mahali po pote tu, huja kwenye mlango mmoja anaoujua. Ikiwa kesho yake theluji itaanguka, mwenye mlango huo atakuwa na la kujibu.

Mlango wa kwanza ulikuwa kibuyu. Kabla ya Wazungu kuijaza nchi, wenyeji wa asili wa kusini-mashariki ya Amerika walikuwa wakitundika vibuyu vilivyotobolewa ili mbayuwayu wakae ndani yake. Alexander Wilson, Mskoti aliyehamia Marekani mwaka 1794 na kuandika kitabu kikubwa juu ya ndege wa nchi hiyo kuanzia mwaka 1808, alieleza jinsi Wachoktaw na Wachickasaw walivyofanya. Walichagua mti mchanga karibu na nyumba, wakaukata matawi ya juu na kuacha vishina vifupi, na katika kila kishina wakatundika kibuyu. Kabla yake, Mwingereza Mark Catesby, ambaye kitabu chake juu ya Carolina kilianza kutolewa mwaka 1729, alikuwa amekwisha kuandika habari za vibuyu hivyo na faida yake: mbayuwayu huwafukuza kunguru na mwewe wasiwanyakue kuku uani. Hivyo mapatano ya kale yalikuwa ya haki kwa pande mbili. Mtu alitoa kibuyu, ndege akatoa ulinzi.

Wilson aliandika jambo la pili, nalo lamgusa Mwafrika kwa karibu zaidi. Kando ya mto Mississippi aliwaona watu weusi, waliokuwa katika utumwa, wakisimamisha matete marefu yenye vibuyu vya mbayuwayu kwenye ncha zake. Mtu ambaye hakuwa na nyumba aliyoweza kuiita yake alimjengea ndege nyumba. Na kibuyu chenyewe kilikuwa jamaa yake wa zamani. Mmung'unye asili yake ni Afrika, na mabaki yake yaliyofukuliwa Amerika yana umri wa kiasi cha miaka 10,000. Wataalamu waliolinganisha asili ya mbegu hizo walisema mwaka 2014 kuwa yamkini vibuyu vilielea vyenyewe juu ya Atlantiki kutoka Afrika hata Amerika. Mmea ulitangulia kwa maji, na wana wa nchi yake wakaufuata baadaye kwa minyororo.

Wachoktaw na Wachickasaw nao hawakuachwa katika nchi yao. Sheria ya mwaka 1830 iliwahamisha kwa nguvu, wakapelekwa magharibi ya Mississippi, na wengi wakafa njiani. Hata hivyo desturi ya kibuyu haikuhama nao tu, bali ilibaki pia mikononi mwa waliokuja baada yao. Wakulima weusi na weupe waliiendeleza, na matajiri wakaigeuza kuwa nyumba za mbao zenye ghorofa na vyumba vingi, mfano wa majumba ya binadamu. John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege, aliandika kwamba karibu kila nyumba ya wageni aliyoipita njiani ilikuwa na sanduku la mbayuwayu juu ya kibao chake, na kwamba aliona kuwa kadiri sanduku lilivyokuwa zuri ndivyo nyumba yenyewe ilivyokuwa njema kwa msafiri. Ukarimu kwa ndege ulikuwa dalili ya ukarimu kwa mtu.

Ni Audubon huyo huyo aliyeacha moja ya habari za mapema juu ya baridi. Kwenye Maporomoko ya mto Ohio, karibu na mji wa Louisville, aliwaona mbayuwayu wakifika katikati ya Machi, wachache wachache, siku ambayo baridi ilikuwa imeshuka hata ikafika kiwango cha maji kuganda. Kesho yake palipata joto. Lakini katika juma lile lile baridi ilirudi kwa ukali, na ndege wote wakafa au wakalegea hata watoto wakaweza kuwakamata kwa mikono. Aliyasimulia hayo kama mtu asimuliavyo tufani au gharika: ni mambo yaliyotokea, wala hakuna aliyefikiri kuwa yangeweza kuzuiwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja baada yake fikira hiyo haikubadilika. Mwenyeji alijua kutoa nyumba. Chakula kilikuwa amri ya Mungu na hali ya hewa.

Lakini katika miaka hiyo mia jambo jingine kubwa lilikuwa likitendeka polepole. Misitu ya mashariki ilikatwa, na miti mikuukuu yenye matundu ya vigong'ota, ambamo mababu wa ndege hawa walizaliwa, ikapungua. Tena watu wakaleta wageni wengine kutoka Ulaya. Shomoro waliachiliwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850, na kwezi wa Ulaya kiasi cha 60 waliachiliwa katika bustani kuu ya New York mwaka 1890 na Eugene Schieffelin. Ndege hao wawili hukaa katika matundu, hawahami wakati wa baridi, na ni wagomvi. Mbayuwayu anaporudi kutoka Brazil hukuta tundu limekwisha kutwaliwa. Akilipigania, huvunjiwa mayai au huuawa. Hivyo, mashariki ya Milima ya Rocky, mbayuwayu wa zambarau ameacha makao ya asili karibu kabisa, akawa hazai ila katika nyumba aliyotengenezewa na mtu. Magharibi bado wako wanaokaa katika matundu ya miti, na jangwani katika mikakati mikubwa iitwayo saguaro. Wa mashariki wamekuwa wapangaji, na wenyeji wao kwa mzaha hujiita wenye nyumba.

Hatari ya upangaji huo ilionekana Juni 1903. Mvua baridi ya mfululizo ilinyesha katika Massachusetts na majimbo ya jirani wakati vifaranga walipokuwa viotani, na mbayuwayu wa sehemu hizo wakafa karibu wote. Nyumba zilipokuwa tupu, shomoro wakaziingia. Wachache waliorudi mwaka uliofuata walikuta milango ina wenyewe. Baridi ile ilidumu siku chache, lakini hasara yake ilidumu miaka mingi, kwa sababu ndege asiye na tundu la msituni la kukimbilia akipoteza nyumba ya mtu amepoteza kila kitu.

Katikati ya karne ya 20 urafiki huu ulipata sababu mpya, nayo ilikuwa mbu. J. L. Wade, mwenye kiwanda cha vyombo vya kunasia mawimbi ya televisheni katika mji mdogo wa Griggsville, Illinois, alianza mwaka 1962 kutengeneza nyumba za mbayuwayu za alumini. Zilikuwa nyepesi, zilioshwa kwa urahisi, na ziliweza kuteremshwa mlingotini zikakaguliwa. Ili kuziuza, ilitangazwa kuwa mbayuwayu mmoja aweza kula mbu 2,000 kwa siku. Hesabu hiyo ilienea kote, na watu wengi wakasimamisha milingoti wakitumaini kulala bila ya kuumwa. Mwaka 1968 mtaalamu Herbert Kale aliichunguza habari hiyo akaona haina msingi. Mbayuwayu huwinda mchana na huwinda juu. Mbu wengi hutoka jioni na hukaa chini. Wawili hao hawakutani sana, na wanapokutana mbu huwa chembe tu katika mlo wa ndege.

Hapo palikuwa na mtihani wa urafiki. Ikiwa mgeni alikaribishwa kwa ajili ya kazi, na kazi yenyewe ikaonekana si yake, angalitarajiwa kufukuzwa. Hakufukuzwa. Watu waliokwisha kuamka alfajiri kwa wimbo wa mbayuwayu juu ya paa hawakujali tena hesabu ya mbu. Nyumba ziliendelea kusimamishwa, vibuyu vikarudi kwa wingi, vingine vya asili na vingine vya plastiki, na mwaka 1987 katika Pennsylvania kikaanzishwa chama maalumu cha kumhifadhi mbayuwayu wa zambarau. Yawezekana kusema kuwa tangu hapo mapatano ya kale ya faida kwa faida yaligeuka kuwa ahadi ya upande mmoja. Mtu aliendelea kutoa, hali akijua kuwa malipo yake ni kuona na kusikia tu.

Mwezi wa Juni 1972 ahadi hiyo ilipimwa tena. Kimbunga kilichoitwa Agnes kilipanda kutoka kusini kikaleta mvua baridi ya siku nyingi juu ya Pennsylvania na majimbo jirani. Mbayuwayu wazima na vifaranga wao walikufa kwa njaa kwa wingi mno, na ziko wilaya ambazo makundi yake hayakurudi kwa miaka mingi. Wenyeji walifungua milango ya nyumba walizozijenga kwa mikono yao wakatoa maiti. Waliokuwa na moyo wa kuuliza waliuliza: je, hakuna njia?

Njia ilizuiwa na imani moja, kwamba mbayuwayu hali kitu kisichoruka. Imani hiyo ilikuwa na ukweli nusu. Ukimwekea wadudu katika sinia wakati wa baridi, hukaa juu yake akafa njaa akiwatazama, kwa maana macho yake hayakufundishwa kukitambua chakula kilicholala. Kwake chakula ni kitu kinachopita hewani. Basi werevu wa wenyeji ulikuwa katika kukirusha. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 ilithibitika kuwa nyenje aliyekufa akirushwa juu mbele ya ndege aliyetua, mara moja, mara ya pili, mara ya kumi, mwishowe ndege mmoja huchupa akamdaka. Wengine wakiona, huiga. Kilichokuwa muhali kikawa desturi.

Namna ya kulisha ni rahisi kueleza, ingawa yataka saburi. Nyenje hununuliwa katika maduka ya chambo au ya wanyama wa kufugwa, wakagandishwa katika jokofu, kisha wakayeyushwa siku ya haja. Mwenyeji husimama uwanjani na kijiko cha plastiki. Humtia nyenje mmoja katika kijiko, akakikunja nyuma kwa kidole na kukiachia, nyenje akaruka juu ya nyumba za ndege. Wengine hutumia manati. Wako pia walishao mabuu ya wadudu wa unga, na asiye na wadudu hukaanga mayai kwa kuyavuruga, bila ya chumvi, akayakata vipande vya ukubwa wa mdudu. Ndege wakizoea kudaka, sinia huinuliwa mlingotini karibu na nyumba zao, nao hujifunza kula wakiwa wametua. Mkate na nafaka havifai, maana tumbo la mla wadudu halikuumbwa kwa vitu hivyo.

Lililo gumu ni kujua saa. Mwanzo wa baridi ndege angali na mafuta mwilini, naye hupuuza kila kinachorushwa. Mwisho wake, amelegea, hana nguvu za kuchupa hata akitaka. Mafunzo hufaa katikati, siku ya pili au ya tatu, wakati njaa imekwisha kumshawishi na nguvu hazijamtoka. Kwa hiyo wenyeji wazoefu huhesabu siku kama muuguzi ahesabuvyo siku za homa. Humfundisha ndege mwaka ambao baridi ni ndogo, ili mwaka wa baridi kubwa awe amekwisha jua. Na ndege aliyejua hukumbuka, akirudi mwaka wa pili hutambua kijiko na mkono.

Ulaya ilijibu swali lilo hilo kwa namna nyingine. Katika Septemba na Oktoba 1974 baridi na theluji zilishuka mapema kaskazini ya milima ya Alps, wakati ambao mbayuwayu walikuwa njiani kuja Afrika. Njaa ikawaangusha. Watu wa Uswisi, Ujerumani na Austria waliwaokota kwa malaki, wakawatia katika masanduku, wakawasafirisha kwa magari, kwa treni na kwa eropleni hata kusini ya milima, wakawaachilia penye jua. Huko ndege alipelekwa kwenye chakula, na Amerika chakula kilipelekwa kwa ndege. Mbayuwayu wa Ulaya alikuwa mpita njia, ndiyo maana alisaidiwa kupita. Mbayuwayu wa zambarau alikuwa amefika kwake, na mtu aliyefika kwake hasaidiwi kwa kuondoshwa.

Wako wanaopinga, na hoja yao si ya kudharauliwa. Husema kuwa baridi ni mchungaji wa maumbile: huwaondoa wadhaifu, ikawaacha wenye nguvu wazae. Ushahidi wao ni mzito. Mwishoni mwa Mei 1996 baridi ya siku 6 iliwashika mbayuwayu wa majabali katika jimbo la Nebraska, ambako Charles Brown na Mary Bomberger Brown walikuwa wakiwachunguza kwa miaka mingi. Maelfu walikufa. Wachunguzi hao walipowapima waliokufa na walionusurika, waliona kuwa walionusurika walikuwa wakubwa zaidi wa maumbo. Maumbile yalikuwa yamechagua mbele ya macho yao. Basi, huuliza wapinzani, anayemlisha ndege aliyekawilia kufa hamzuii mchungaji kufanya kazi yake?

Jibu haliwezi kupatikana kwa kulitazama tumbo la ndege peke yake. Yabidi kuitazama historia nzima. Mbayuwayu wa mashariki hayumo tena katika mizani ya maumbile. Mtu ndiye aliyekata msitu, na mtu ndiye aliyeleta kwezi na shomoro. Mtu alimwita kwa kibuyu, akamzoeza, hata akasahau tundu la mti. Kundi la Nebraska lilipopungua, majabali yalibaki mahali pake yakiwangoja walionusurika. Kundi la Massachusetts lilipokufa mwaka 1903, nyumba zilitwaliwa na wageni walioletwa na watu. Hasara ya kwanza ni ya maumbile. Ya pili ina mkono wa binadamu ndani yake. Anayetupa nyenje kwa kijiko halipi sadaka, alipa deni, tena hulipa sehemu ndogo tu ya deni hilo.

Hata hivyo ukweli wapaswa kusemwa wote. Mkono wa mtu hufika uani mwake tu. Hesabu ya ndege wa Amerika ya Kaskazini iliyoanza kufanywa kila mwaka tangu 1966 yaonyesha kuwa mbayuwayu wa zambarau wamepungua polepole, na sababu ni zaidi ya baridi. Katika Februari 2021 baridi kali isiyo ya kawaida iliishukia Texas na Louisiana wakati watangulizi walipokuwa wamekwisha kufika. Mamilioni ya watu wenyewe walikosa umeme, na wengi wakakosa maji. Katika nyumba ambayo wenyeji walijifunika mablanketi gizani, mgeni wa mlingotini hakuweza kutumainia mengi, na ndege wengi walikufa. Tena, wenyeji wengi wa mbayuwayu ni watu wa umri mkubwa. Mzee akifa na nyumba yake ikiuzwa, mlingoti hung'olewa, na katika msimu wa kuchipua ndege huzunguka juu ya uwanja mtupu akitafuta mlango aliouacha.

Kwa sababu hiyo lililo kubwa katika historia hii si nyenje wala mayai. Ni kwamba maarifa haya yamekuwa yakipokezanwa kutoka mkono hadi mkono tangu zamani: Mchoktaw aliyeondoshwa katika nchi yake, mtumwa wa kando ya Mississippi, mkulima, mwenye nyumba ya wageni, na leo mzee mwenye kijiko asubuhi ya baridi. Kila mmoja alipokea desturi ambayo hakuianza, na kila mmoja aliongeza kidogo. Mwenye kibuyu aliongeza nyumba, na mwenye kijiko akaongeza chakula. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, ndege asiye na tundu jingine hana pa kurudi.

Na methali nayo haikuvunjwa. Baridi ikiisha na jua likatoka, wadudu huinuka kutoka majanini, na mbayuwayu huliacha sinia pale pale hata kama lingali limejaa. Hupanda juu sana, akawa nukta, akarudi kuwinda kama alivyowinda siku zote. Hakuna anayehitaji kumfukuza wala kumkumbusha. Mgeni huyu, siku ya tatu, alichohitaji ni kuvushwa hata siku ya nne. Na siku ya nne hushika jembe lake mwenyewe.